Darasa Nililomwachia Mama

Muleba,
17 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Assalam aleikum. Barua hii ataileta Hamidi akifika Bukoba na abiria wake. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu huku kilimani mtandao hukatika mtu anapofika kwenye neno la maana, na wewe mwenyewe ulishasema simu ni ya salamu na misiba.

Usishtuke. Ijumaa nilipata kizunguzungu kidogo darasani, nikakaa chini. Mganga wa kituo cha afya amenipima presha. Anasema niache kazi sasa hivi, nirudi Bukoba nikae karibu na hospitali mpaka nijifungue. Faruku anakuja kunichukua Jumamosi. Kwa kuwa yeye hushinda kazini, tumekubaliana nikae kwako Rwamishenye.

Kinachonisumbua ni watoto. Mwalimu mkuu wetu, Mwalimu Karugendo, ni mtu mwema, lakini hana mwalimu wa kuziba nafasi yangu. Anataka kuliunganisha darasa la awali na darasa la kwanza, chumba kimoja, watoto zaidi ya mia. Unajua maana yake, mama. Wangu watasukumwa nyuma, hawataona ubao, na muda si mrefu nusu yao watabaki nyumbani kuchunga mbuzi. Wengi walikuja Januari wakijua Kihaya tu. Ndiyo kwanza wameanza kuzoea.

Kila nikifikiria nani anaweza kuwashika, jina linalonijia ni lako. Umestaafu, una afya, na Mwalimu Karugendo anasema atakupokea kwa mikono miwili kama mwalimu wa kujitolea. Chumba changu kipo, kitanda kipo, jirani yangu Bi Theopista atakuonyesha bomba la maji.

Najua huipendi namna ninavyofundisha. Darasani utakuta mikeka badala ya madawati. Kuna kona ya nyumbani, kona ya ujenzi, kona ya vitabu, na meza ya kuhesabia yenye vifuniko vya soda na mbegu. Naomba uziache zilivyo. Watoto wanazijua kuliko mimi.

Ukikataa nitaelewa. Lakini usikatae.

Mwanao,
Farida

*

Rwamishenye,
19 Februari 2025

Mwanangu Farida,

Waaleikum salaam. Umeandika “kizunguzungu kidogo”. Mimi ndiye niliyekuzaa. Tangu utoto wako, kila ulichokiita kidogo kilikuwa kikubwa. Ulisema umejikwaruza kidogo siku ile ulipovunjika mkono. Kwa hiyo fungasha nguo zako upesi, usingoje mpaka Jumamosi kama Faruku anaweza kuja kabla.

Nitakwenda. Hafidha atakuangalia. Mdogo wako anapika vizuri kuliko mimi, na hana ukali wa mwalimu.

Lakini tuelewane mapema. Nimefundisha darasa la kwanza Buhembe miaka mingi kuliko umri wako. Wanafunzi wangu leo ni wauguzi, mashehe, mapadri na madereva wa malori, na hakuna hata mmoja wao aliyejua kusoma kwa kupika uji wa udongo. Uliporudi kutoka chuoni ukaniambia unasomea kufundisha watoto kwa michezo, nilinyamaza, kwa kuwa baba yako, Mungu amrehemu, aliniomba ninyamaze. Sasa umeniomba nishike darasa. Nitalishika kwa mkono wangu, si kwa mkono wako.

Lala ubavu wa kushoto. Punguza chumvi.

Mama yako,
Mwamvita

*

Muleba,
5 Machi 2025

Mwanangu Farida,

Ramadhani karimu. Wewe usifunge, hata ukijisikia vizuri. Mimi nafunga, na wenzangu Wakatoliki hapa leo wameanza Kwaresima, kwa hiyo ofisi ya walimu imepoa kabisa. Birika la chai halina wa kuligusa.

Nilikuta darasa kama soko lililovamiwa na upepo. Vitu vyako nimevihifadhi vizuri. Niliomba madawati kutoka stoo, nikayapanga mistari minne, nikaandika irabu ubaoni kwa herufi kubwa, tukaanza kazi. Nataka nikuambie kwa furaha kwamba watoto hawa wana adabu ya ajabu. Nilitegemea vita, sikuiona. Nikisema kaeni, wanakaa. Nikisema imbeni a, e, i, o, u, wanaimba. Nikinyamaza, wananyamaza, unamsikia nzi anavyopita. Sijapata kuona watoto wadogo hivi watulivu namna hii. Wanahesabu mpaka hamsini kwa sauti moja, na tukifika thelathini mlango hujaa wanafunzi wa madarasa mengine wakichungulia.

Jana alipita Mzee Rugaibula, mwenyekiti wa kamati ya shule. Alisimama mlangoni na kofia yake mkononi mpaka tulipomaliza. Akasema kwa heshima ya Kihaya, “Waitu, mwalimu, mwaka huu ndiyo tumepata mwalimu.” Nilimshukuru.

Kuna mmoja tu ananipa shida, mjukuu wa jirani yako Bi Theopista, aitwaye Annastella. Hasemi. Nimemwita ubaoni, nimemsogeza mbele, nimemwuliza kwa Kiswahili na kwa Kihaya. Ananitazama tu. Nadhani ana tatizo la masikio, au akili yake ni nzito kidogo. Nitazungumza na bibi yake.

Je, miguu bado inavimba?

Mama yako,
Mwamvita

*

Rwamishenye,
8 Machi 2025

Mama yangu,

Assalam aleikum. Niko nyumbani, napumzika, Hafidha ananilisha kama mgeni wa harusi. Miguu imepungua. Usiwe na wasiwasi wowote.

Umesema vitu vyangu umevihifadhi vizuri. Umevihifadhi wapi, mama?

Sitabishana nawe. Nitakuambia kitu kimoja tu kuhusu Annastella. Hana tatizo la masikio. Alipoanza shule alikaa wiki nzima kwenye kona ya nyumbani akimlaza mwanasesere wa migomba bila kusema neno. Sikumlazimisha. Siku moja mwenzake alimchukua yule mwanasesere, na Annastella akasimama akasema, kwa Kiswahili ambacho hata sikujua anacho, “Mrudishe, bado hajalala.” Tangu siku hiyo alikuwa akiongea mpaka namwomba wengine nao wapate zamu. Kama sasa amenyamaza tena, kuna kitu. Akili yake si nzito.

Na hao wengine, mama. Darasa langu halijawahi kuwa kimya. Sijui ni watoto gani hao unaowaandika.

Ninakuomba jambo dogo. Saa ya mapumziko usiende ofisini. Kaa mahali wasipokuona, uwatazame. Usiwafundishe chochote. Watazame tu.

Mwanao,
Farida

*

Bukoba,
9 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Dada asijue nimekuandikia, atanikasirikia mpaka Idi.

Si kweli kwamba yuko nyumbani. Amelazwa wodi ya wazazi tangu tarehe mbili. Presha ilipanda sana, akaanza kuona giza. Sasa hivi imeshuka, daktari anasema wanataka mtoto akae tumboni kadiri itakavyowezekana, wanampima kila mara. Barua yako niliipeleka mimi wodini. Aliisoma mara nyingi, akacheka pale uliposema nzi, kisha akageukia ukutani akalia. Nilimwuliza analia nini, akasema, “Watoto wangu wamenyamaza, Hafidha.”

Amenikataza kukuambia kwa sababu anajua utaacha darasa uje. Mimi sijui lipi ni jema. Ndiyo maana nimekuandikia, ili uamue wewe. Faruku yupo, kila jioni anakuja na kukaa mpaka afukuzwe na wauguzi. Nami nipo.

Nakupenda mama. Kula vizuri ukifuturu.

Hafidha

*

Muleba,
15 Machi 2025

Farida,

Najua uko wodini. Usimwulize mtu nimejuaje. Hamidi hupita hospitali kila siku, na Bukoba si mji wa kufichana. Nilifungasha mkoba wangu Jumatano jioni, nikauweka mlangoni ili asubuhi nipande gari. Nakuandikia nikiwa bado Muleba, na nitakueleza kwa nini. Soma polepole, usipandishe presha.

Kwanza, ulipoandika niwatazame, nilikasirika. Nikasema, mtoto niliyemshika mkono kuandika “a” ananifundisha kutazama watoto. Lakini neno lako lile, kwamba hujui ni watoto gani hao, halikunitoka akilini. Jumatatu nikawafanyia jaribio. Walihesabu mpaka hamsini kama kawaida, vizuri kabisa. Nikawaambia, “Haya, nje, kila mmoja aniletee mawe saba.” Farida, waliniletea mawe kwa viganja, mwingine mawili, mwingine sketi imejaa. Walikuwa wanaimba wimbo. Mimi nilidhani wanahesabu.

Alhamisi nilipaswa kuondoka. Gari lilichelewa kwa mvua, nikaona niende darasani nikawaage. Ilikuwa saa ya mapumziko. Darasani hapakuwa na mtu. Nikasikia sauti nyuma ya jengo, kule kibanja cha shule kinakoanza, kwenye migomba. Nikasogea, nikasimama nyuma ya ukuta wa jiko.

Walikuwa wote. Katikati, juu ya majani ya mgomba, alilala binti mmoja, amejaza majani makavu ndani ya sweta mpaka tumbo limetuna. Pembeni yake amepiga magoti Annastella. Ana kamba ya mgomba shingoni, ncha moja ameiweka sikioni na nyingine kwenye tumbo lile. Anasema, “Guma, bojo, guma,” kama bibi yake anavyombembeleza mtu ajikaze. Kisha akamgeukia mwenzake, akasema kwa Kiswahili kilichonyooka: “Nesi, lete vidonge. Viwili asubuhi, viwili mchana, viwili usiku. Vyote ni sita. Usilete vitano.” Yule akaenda akahesabu punje za kahawa, akaleta sita. Sita, Farida. Mtoto yuleyule aliyeniletea sketi ya mawe.

Kwenye kichwa cha mgonjwa walikuwa wamepanga vijiti ardhini. Ilinichukua muda kusoma, kwa sababu R ilitazama nyuma. FARIDA. Nimewafundisha irabu wiki mbili, na wao wameandika jina zima bila mimi, kwa vijiti, kwa kulikumbuka pale lilipobandikwa mlangoni.

Mmoja wao akachukua jani akataka kumfunika mgonjwa uso. Akasema, “Amekufa.” Annastella akamsukuma mkono. “Hajafa! Anapumua. Njoo usikilize.”

Nilitoka nyuma ya ukuta bila kujijua. Waliponiona walisimama wote isipokuwa mgonjwa, mikono nyuma, kimya. Kimya kilekile nilichokusifia. Nikakaa chini kwenye majani, na gauni langu la safari. Nikasema, “Mimi ni mama wa mgonjwa. Nimekuja kumwangalia. Hali yake ikoje, daktari?”

Annastella aliishusha kamba sikioni. Kisha akasema, “Anaumwa kwa sababu yetu. Tulipiga kelele, akaanguka.”

Nikamwuliza, “Nani amekuambia?”

“Tuliona. Tulikuwa tunajenga mnara, tukapiga kelele, mwalimu akaanguka, damu ikatoka puani.” Akaangalia vidole vyake. “Ndiyo maana kwako tunanyamaza. Na wewe usianguke.”

Sitakuandikia yaliyonipata pale, kwa sababu nataka uendelee kuniheshimu. Nikuambie tu niliwavuta wote, waliotosha mapajani wakakaa mapajani, waliobaki wakaniegemea, na mwalimu wa darasa la pili alipogonga kengele hakuna aliyenyanyuka. Niliwaambia kelele hazimwangushi mtu. Niliwaambia tumbo la mwalimu wao lina mtoto na mtoto huyo ni mzito. Niliwaambia kwamba wewe u hai. Hawakuniamini sawasawa. Mgonjwa mwenyewe, akiwa bado amelala, aliuliza, “Mbona haji?”

Basi uniamulie wewe. Nikija huko, hawa wataona mwalimu wa pili naye ameondoka. Nikibaki, nakuacha wodini bila mama yako. Nimezungumza na daktari wako kwa simu ya Mwalimu Karugendo, juu kabisa ya kilima, nimesimama kwenye jiwe. Anasema hali yako imetulia. Kama imetulia kweli, niandikie. Kama ni “kidogo”, nitakuja kesho yake.

Jana asubuhi nilifungua stoo. Walibeba vitu vyako wenyewe, wakavirudisha kila kimoja mahali pake, na nilipokosea kona walinisahihisha.

Kelele zao zinafika barabarani.

Mama yako,
Mwamvita

*

Wodi ya wazazi, Bukoba,
18 Machi 2025

Mama yangu,

Imetulia. Wallahi imetulia, muulize tena daktari. Baki nao. Kila siku unayokaa nao mimi nalala usingizi.

Nisamehe kwa kukuficha. Sikujua kwamba waliiona damu. Nilidhani nimeifuta kabla hawajatambua. Watoto wangu wamebeba jambo hilo mwezi mzima, na wangelibeba hadi lini kama wasingelicheza? Ninayo mafunzo yote ya chuo kichwani, mama, lakini sikuwahi kusoma mwalimu akikaa chini kwenye migomba na gauni lake la safari akaomba kuambiwa hali ya mgonjwa. Hilo umelitoa mwenyewe. Nimemwambia muuguzi wa zamu, “Huyo ni mama yangu.” Nimemwambia na wa zamu iliyofuata.

Tafadhali wasomee hii, uwaonyeshe na mwandiko wangu ili waamini.

“Watoto wangu wa awali, hamjambo? Mimi mwalimu wenu Farida sijafa. Ninapumua, daktari Annastella alisikia vizuri. Kelele zenu hazikuniangusha, nazipenda. Niko kwenye kitanda kirefu chenye magurudumu. Tumboni kuna mtoto anayepiga mateke. Jana alipiga manne upande huu na matatu upande ule. Niambieni yote ni mangapi. Mnara wenu ulifika wapi? Jengeni mwingine, mrefu kuliko Bibi Mwalimu. Akisema basi, mwambieni bado.”

Mwanao,
Farida

*

Muleba,
14 Aprili 2025

Mwanangu Farida,

Mateke ni saba. Wanasema mtoto huyo atakuwa mchezaji mpira. Mnara ulifika begani kwangu kabla ya kuanguka, na hakuna aliyelia. Walijadiliana kwa nini umeanguka, wakabadilisha makopo ya chini wakaweka matofali ya mti. Barua yako imebandikwa mlangoni chini ya jina lako, na kila asubuhi kuna anayejifanya anaisoma.

Sasa nikupe habari ya kikao cha wazazi cha Jumamosi. Sikukuandikia kabla kwa sababu nilijua kitakachosemwa.

Kiliitishwa na Mzee Rugaibula. Wazazi walijaa hata waliokuwa na kahawa ya kupalilia. Alianza kwa kunisifu, na sifa zake nilizisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema: “Tulikuwa na mwalimu ambaye alikuwa kama yaya anayelipwa na serikali. Watoto wanarudi na udongo mpaka masikioni, ukiuliza umesoma nini, wanasema tumecheza. Akaja mama huyu, wakakaa, wakahesabu, wakatulia. Lakini wiki hizi naona makopo yamerudi. Mimi naomba kamati iandike kwamba Mwalimu Mwamvita abaki, makopo yatoke, na yule binti akijifungua apangiwe shule nyingine.”

Wengine walipiga makofi. Mwalimu Karugendo alitazama sakafu.

Nilisimama. Nilisema, “Mwenyekiti, huyo yaya nimemzaa mimi.”

Wazazi waligeukiana. Farida, kumbe hukuwaambia! Mwalimu Karugendo alijua, Bi Theopista alijua, wengine wote walidhani mimi ni mwalimu mstaafu tu aliyetumwa kutoka mjini. Mzee Rugaibula alivaa kofia yake, akaivua tena.

Nikaendelea. Nikawaambia ule utulivu waliousifu ulikuwa hofu, na nikawasimulia ya kwenye migomba kama nilivyokusimulia. Bi Theopista alijifunika uso kwa kitenge. Nikawaambia kuhusu ule wimbo wa hamsini na mawe. “Mimi ndiye niliyewafundisha wimbo huo,” nikasema, “na nilijivunia. Sasa twendeni darasani, mwenyekiti atangulie.”

Watoto kadhaa nilikuwa nimewaomba waje. Walikuwa kwenye kona zao hata kabla hatujafika. Annastella alikuwa kwenye zahanati yao ya migombani, ambayo sasa imehamia ndani na ina benchi la wagonjwa. Akamwona Mzee Rugaibula mlangoni, akamwambia, “Kaa kwenye foleni, Babu.”

Mzee akatazama nyuma kuona kama anayeambiwa ni mwingine. Akakaa. Magoti yalimfika kidevuni.

“Jina lako?”

“Rugaibula.”

Annastella akafikiri. “Linaanza kama Rehema.” Akachukua vijiti akapanga R mezani, safari hii imetazama mbele. Akampima kwa kamba yake. “Moyo upo. Unaumwa nini?”

Mzee akasema, pengine kwa utani, “Mgongo.”

“Vidonge vitatu asubuhi, vitatu jioni.”

Hapo yule mzee akakaza uso, akauliza kwa sauti ya kamati, “Jumla ni vingapi?”

“Sita,” Annastella akamjibu huku tayari anahesabia mbegu kwenye kiganja chake. “Lakini usimeze vyote leo. Na usibebe mkungu.”

Watu walicheka mpaka nje. Mzee hakucheka. Alibaki na mbegu zake mkononi, akiziangalia. Nadhani alizihesabu. Kisha akamwuliza polepole, kwa Kihaya, nani amemfundisha kazi hii. Annastella akanyoosha kidole mlangoni, kwenye jina lako.

Sitakudanganya kwamba mzee amebadilika na kuwa mtu mwingine. Aliporudi ukumbini alisema bado hapendi udongo masikioni, na akataka watoto wafundishwe pia kushika kalamu, nami nikamwambia hapo tuko pamoja. Lakini ombi lake la kukuhamisha alilifuta mwenyewe, kwa sauti, na akaagiza iandikwe kwamba darasa la awali lina mwalimu wake na mwalimu huyo anaitwa Farida. Nilimtazama karani anavyoliandika jina.

Nimesimama mbele ya watu karibu maisha yangu yote. Sijapata kusimama kama siku ile. Nilikuwa nimezoea kuwaonea fahari wanafunzi wangu. Jumamosi nilimwonea fahari mwalimu wangu.

Lala ubavu wa kushoto.

Mama yako,
Mwamvita

*

Muleba,
29 Aprili 2025

Farida wangu,

Faruku alipiga simu alfajiri. Nilisikia “msichana”, nikasikia “wote wazima”, kisha mtandao ukakatika, ukawa umeniachia maneno yanayotosha. Nilikaa kwenye ngazi ya nyumba yako nikamshukuru Mungu, na Bi Theopista akaja na sufuria ya ndizi bila kuuliza chochote.

Nakuja na gari la Ijumaa mchana, nitakaa nawe mpaka Jumapili jioni, kisha nirudi kwa watoto hadi utakapomaliza likizo yako. Mwalimu Karugendo amekubali. Hamidi anatangulia na barua hii na kuku wawili wa Mzee Rugaibula. Mmoja wako, mwingine alisema ni wa “mama wa yaya”. Ndiyo namna yake ya kuomba radhi, naipokea.

Nimewatangazia darasani. Swali la kwanza lilikuwa kama ana meno. La pili, la Annastella, kama amekwisha andikishwa shule.

Mama yako,
Mwamvita

*

Muleba,
13 Agosti 2025

Mama yangu mpendwa,

Assalam aleikum. Natumaini Rwamishenye imekupokea vizuri, na kwamba umeshakwenda Nyanga kuonana na wale walimu wa awali waliokuomba uwaonyeshe namna ya kupanga kona. Hafidha aliniambia ulijifanya kusita. Usisite, mama. Wakikuuliza umejifunzia wapi, waambie Muleba.

Jana ilikuwa siku yangu ya kwanza darasani. Sikulala vizuri kwa kuwaza. Nilijiambia watanirukia, watalia, pengine wengine watakuwa wamenisahau. Niliwanunulia pipi. Hafidha alinisindikiza akiwa amembeba mtoto, ili nikimaliza kuwasalimia anirudishie nimnyonyeshe.

Nilifika mlangoni nikasimama. Hakuna aliyegeuka.

Walikuwa wamesogeza mikeka yote ukutani na kupanga madawati yale uliyoyatoa stoo, yakawa meli ndefu inayokwenda kisiwani Bumbire. Mbele kulikuwa na usukani wa mfuniko wa ndoo. Mmoja alikuwa anagawa tiketi za majani ya kahawa, na kila tiketi ilikuwa imekwaruzwa namba kwa kijiti. Wawili walikuwa wanabishana kuhusu mzigo: magunia mangapi meli inaweza kubeba isizame. Mmoja alisema kumi, mwingine akamwambia, “Kumi na watu? Toa mawili, yabaki manane.” Wakatoa mawili, mama, wakayashusha kweli, wakahesabu tena. Nilisimama na pipi zangu nikatazama. Nilifanya ulivyofanya wewe nyuma ya ukuta wa jiko.

Nahodha alikuwa Annastella. Mwishowe aliniona. Uso wake wote ulifunguka, nikadhani sasa ataruka chini aje. Lakini alishika usukani wake kwa mkono mmoja, akainua mwingine, akapaza sauti:

“Mwalimu Farida! Karibu! Lakini meli imejaa. Subiri ya pili.”

Nikasema, “Sawa, nahodha.”

Akamwona Hafidha nyuma yangu. Akahesabu abiria wake kwa kidole, midomo ikicheza. Akasema, “Mtoto ana nafasi moja. Apande.”

Nilimtazama Hafidha, Hafidha akanitazama. Nikamchukua binti yangu, nikambeba mpaka kwenye dawati la mbele, na msichana mwenye tiketi akasogea akafungua mikono kama mlivyomfundisha wewe na Bi Theopista kumbeba mwanasesere, kichwa kwanza. Hafidha alichuchumaa kando yao, mkono wake chini ya mtoto. Walimkatia tiketi. Wakapiga honi wote kwa pamoja, kelele zikafika barabarani, na mtoto hakulia.

Meli ikaondoka. Mimi nilibaki nchi kavu, nawapungia mkono.

Mwanao,
Farida